Nusu ya Mashariki

Misikhu,
18 Januari 1987

Ndugu yangu Kiplagat,

Pokea salamu za nyumba yetu yote. Sisi huku tu wazima. Mtoto wa pili alishikwa na surua baada ya Krismasi akatutia hofu, lakini sasa amepona na anakula kushinda baba yake. Mukhisa anakusalimu sana. Kinu chake cha kusaga hakilali, maana kila mtu huku amevuna. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie dawa ya kukanda nimeipata, nitamletea mwenyewe Pasaka. Wasalimu pia wale wa nyuma, Mama mdogo na mwanawe Kemboi. Siku za matanga ya Baba nilisikia Mama mdogo akisema ile nyumba yao iliyokuwa ya wapishi inavuja. Sijui kama mliitazama.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Mukhisa ameamua tujenge nyumba ya matofali. Mimi nikamwambia, kama tunajenga, basi iwe na kitu kidogo cha ile ya kwetu. Alicheka, ati sisi tulilelewa ikulu. Lakini wewe unajua. Unakumbuka wageni walivyoshangaa wakifunguliwa mlango? Mtu anategemea kuona sebule, kumbe anakutana na chimni ya moshi uso kwa uso, ukuta mzima wa matofali mekundu, naye amesimama kwenye kichumba kisichotosha watu watatu. Mashariki daining ya kulia chakula, magharibi sebule, na ngazi zimejificha nyuma ya chimni zikipanda kwa kujizungusha. Baba alikuwa akisema yule Mzungu aliyetutangulia hapo alijenga vile kwa sababu nyumba ya babu yake kule Uingereza ilijengwa vile: moto uko katikati, vyumba viwili vinauota pamoja, na upepo wa mlangoni unagonga chimni kabla haujamfikia mtu aliyekaa.

Naomba unipimie jiko la ukutani la daining, upana na kimo na kina chake. Halafu uangalie matofali yamelazwaje. Nakumbuka mstari mmoja umelala kwa urefu, na ule wa juu yake umeingiza vichwa ndani. Na lile tao la dirisha la daining, yale matofali yaliyochongwa, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, jamani! Fundi wetu anasema kazi kama hiyo siku hizi hakuna.

Usichelewe kunijibu. Fundi anangoja.

Dada yako,
Chelimo


Kitale,
2 Aprili 1987

Dada Chelimo,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako niliipata mapema, lakini kazi za shamba unazijua. Tumelima, tunangoja mvua itulie tupande. Mbolea imechelewa, watu wanapiga foleni mjini mpaka jioni. Ng'ombe mweusi amezaa jike. Mama hajambo, goti bado linamsumbua akipanda ngazi. Anawasalimu wajukuu wake na kuuliza kama wanajua kusali.

Kuhusu vipimo, sikupata nafasi. Nyumba ipo. Lakini mimi nakushauri muachane na mambo ya chimni. Inakula matofali mengi, inajaa moshi, na huko kwenu hakuna baridi ya kutosha. Jengeni nyumba ya kawaida, muweke mabati, mlale.

Pasaka usije. Mvua imeharibu barabara ya kuingia huku na sitaki uteseke na watoto kwenye matope. Hiyo dawa mtume mtu yeyote anayekuja Kitale.

Nakutakia kila la heri.

Ndugu yako,
Kiplagat


Misikhu,
24 Aprili 1987

Ndugu yangu Kiplagat,

Natumaini mmekula Pasaka vizuri. Sisi tuliimba kanisani mpaka sauti zikakauka. Dawa ya Mama nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja huko, ataiacha dukani pale stendi.

Nina swali moja tu, nalo ni dogo. Ule ukuta wa daining, bado una ile rangi ya kijani ambayo Mama aliipaka chini, usawa wa meza? Na tao la dirisha bado ni zima?

Nijibu upesi. Usiniulize kwa nini.

Chelimo


Kitale,
10 Mei 1987

Dada Chelimo,

Dawa imefika, Mama anashukuru. Tumepanda, na mahindi yametoka vizuri isipokuwa upande wa mtoni.

Swali lako limenichekesha. Rangi ya kijani ingeenda wapi? Iko vilevile. Jana nimekaa daining nikinywa chai chini ya hilo dirisha. Usiwe na wasiwasi na mambo ya huku. Wewe shughulikia ujenzi wako.

Wasalimie watoto.

Kiplagat


Misikhu,
19 Mei 1987

Kiplagat,

Leo sitakusalimia kwanza.

Hiyo daining uliyokaa ukinywa chai iko uani kwangu. Iko chini ya mparachichi, imefunikwa turubai, na kuku wameanza kutaga juu yake.

Wiki moja kabla ya Pasaka Mukhisa aliniambia amepata matofali ya zamani, mazuri na bei nafuu, kwa broka mmoja wa Webuye. Lori lilikuja nikiwa shuleni. Niliporudi wapakuzi walikuwa wamemaliza. Niliona matofali mekundu, nikafurahi. Nikaokota moja, lilikuwa na masizi upande mmoja. Nikaokota la pili, lina rangi ya kijani. Nikaanza kuchakura kama kichaa. Mukhisa ananiuliza umepoteza nini, nami naendelea tu kuyageuza.

Nilipopata yale yaliyochongwa niliyabeba yote nikayapanga chini, kwenye nyasi, upande mwembamba kwa mwembamba. Yalikubaliana. Yalijipinda yenyewe, moja baada ya jingine, mpaka lile la katikati likaingia mahali pake. Kiplagat, lilikuwa dirisha letu. Dirisha la daining limelala kwenye nyasi za Misikhu. Nilikaa chini kando yake.

Hata hivyo sikukuandikia siku hiyo. Nilijiambia labda yule Mzungu alikuwa na rafiki aliyejenga nyumba kama yake. Ndiyo sababu nikakuuliza lile swali dogo. Ungeniambia ukweli ningelia nikanyamaza. Wewe ukaniandikia habari za chai.

Mukhisa anasema, "Chelimo, haya ni matofari tu, na mimi nimeripa." Tangu siku hiyo hatujaongea vizuri.

Nyumba yetu iko wapi? Mama analala wapi?

Chelimo


Kitale,
7 Juni 1987

Dada yangu mpendwa,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Mama hajambo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitaka.

Unajua Baba alikufa bila kusema lolote kuhusu urithi. Baada ya wewe kurudi kwako wazee walikaa mara kadhaa. Shamba lilikatwa sawasawa kati ya wake wawili wa Baba, Mama na Mama mdogo, na hakuna aliyelalamika. Ng'ombe vilevile. Tulipofika kwa nyumba, Kemboi akasimama, akasema yeye pia ni mtoto wa mwenye nyumba. Kulikuwa na maneno mengi. Mwishowe wazee waliamua ikatwe. Nusu ya magharibi yetu, nusu ya mashariki yao.

Mimi nilidhani ni namna ya kusema tu. Nilidhani Kemboi atahamia daining na chumba cha juu, tukae tukinuniana kama watu wengine. Siku kadhaa hakugusa kitu. Halafu asubuhi moja mwezi wa Februari nikasikia vigae vinateremshwa. Nikatoka nje. Alikuwa juu ya paa na vijana wawili wenye mitaimbo, na kamba imefungwa kutoka mbele hadi nyuma, imepita katikati ya mlango.

Chelimo, walifuata ile kamba kama fundi cherehani anavyofuata chaki. Vigae, mbao za dari, sakafu ya juu, kuta. Kwa mwezi mmoja upande wa mashariki ukawa hewa. Sasa ukisimama barabarani unaiona nyumba yetu tumboni. Unaona ngazi. Unaona karatasi ya maua ya ukutani kule juu koridoni. Wamebakisha chimni peke yake kwa sababu hatukukubaliana ni ya nani, maana ina majiko mawili yaliyopeana migongo. Jiko la daining sasa linatazama nje, mvua inaingia ndani yake. Watu wa soko wanakuja Jumapili kutazama. Wengine wanacheka, lakini wengi wanashika midomo tu.

Mama amekataa kuhama. Analala chumba chake cha juu, upande wetu. Pale koridoni ambapo ukuta haupo nimetundika turubai.

Sikukuambia kwa sababu sikujua namna ya kukuambia. Kwamba matofali yatafika kwako, hilo hata shetani asingelipanga.

Kiplagat


Misikhu,
20 Juni 1987

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nafika kwenye turubai nashindwa kuendelea. Mama yetu amelala juu ya nyumba isiyo na upande mmoja!

Nimemuuliza fundi wetu. Aliacha mwiko akanitazama. Anasema chimni ya namna hiyo haikusimama peke yake hata siku moja. Mbao za sakafu za pande zote mbili ndizo zilizokuwa zinaishika, huku na huku, kama mtu anayeshikwa mikono. Tena imejengwa kwa chokaa, si simiti, na sasa mvua inaingia ndani. Anasema muiteremshe kutoka juu, tofali kwa tofali, kabla haijajiteremsha. Haijalishi ni ya nani. Mpeni Kemboi yote, au muitupe mtoni.

Mtoe Mama humo. Mbebe kama hataki.

Mukhisa ameanza kujenga. Nilimwomba ayarudishe matofali kwa broka, akaniuliza broka gani anarudisha pesa. Mimi nikipita pale nageuza uso.

Chelimo


SIMU YA MAANDISHI
KITALE 2 JULAI 1987
CHIMNI IMEANGUKA. MAMA MZIMA. KEMBOI AMEUMIA SANA. NJOO. KIPLAGAT


Misikhu,
16 Agosti 1987

Ndugu yangu Kiplagat,

Salamu kutoka kwetu. Watoto wako likizo. Mukhisa amepona homa. Mwambie Mama sweta yake aliyoiacha mkononi mwangu siku ile nimeifua, iko salama.

Nilipokuja mwezi uliopita nilipigwa na bumbuwazi kwa kuiona nyumba, sikuweza kuuliza mengi. Wewe uliniambia pale mlangoni kwamba Kemboi alikuwa akiiba matofali ya chimni ikamwangukia. Nikakuamini. Nilirudi nikiwa na hasira naye, na hata niliposikia kwamba amehamishwa kutoka Kitale akaletwa katika hospitali ya misheni ya huku kwetu, yenye daktari wa mifupa, nilikaa wiki nzima bila kwenda. Ni karibu, Kiplagat. Nikiwa darasani naona paa lake.

Mama ndiye aliyenituma. Alimwambia mwalimu mwenzangu alipopita huko, "Mwambie Chelimo asimwache yule mtoto alale njaa." Nikashangaa. Mama, ambaye hata jina lake alikuwa halitaji! Nikamuuliza yule mwalimu maneno yote aliyoambiwa. Basi nikasikia kwamba Kemboi hakuwa akiiba kitu. Alikuwa akipalilia, akaona chimni inatikisika, na wewe ulikuwa mjini. Alitupa jembe akakimbia, akapanda zile ngazi, akamkuta Mama ameketi kitandani. Mama akamwambia, "Nani amekuruhusu kuingia huku?" Hakumjibu. Alimbeba mgongoni. Walipofika chini, pale kwenye kile kichumba cha mlangoni, akasikia mlio juu yake, akamsukuma Mama nje kwa nguvu mpaka akaanguka kwenye maua. Yeye hakuwahi kutoka.

Hilo hukuniambia. Watu wa soko pia hukuwaambia.

Nilienda na uji. Mguu mmoja wameuokoa, wa pili wameukata juu ya goti. Amekonda, anafanana na Baba kuliko wewe. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo dada," kama mtu asiyenijua. Nilimshikia kikombe akanywa. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Kemboi, kama ulihitaji pesa si ungeuza mahindi? Kwa nini nyumba ya Baba?"

"Nani alisema nilihitaji pesa?"

"Basi ulitaka nini?"

Alitazama dari. Akasema, "Kwenye kikao, Kiplagat ndiye alisimama akanitupia ufunguo. Akasema, 'Si unataka nusu? Chukua nusu yako, ubebe uende nayo.' Wazee walikuwa hawajasema kitu. Siku hiyo ndiyo nilikuwa naingia ndani ya nyumba ile mara ya kwanza."

Nilidhani anatania. "Acha bana. Wewe umezaliwa pale."

"Nimezaliwa nyuma. Kuni nilikuwa naacha mlangoni. Maziwa mlangoni. Baba akiniita, nilisimama pale nje mpaka atoke. Hata kwa matanga, sisi tulikuwa nje na mama."

"Lakini..." nikasema, nikiweka kikombe chini.

"Sikuwa na nia ya kubomoa hata tofali moja, dada. Nilikuwa nimepanga tuhamie juu, mimi na mama. Nikapanda. Nikaingia chumba kile cha juu, cha mashariki, kilikuwa chako. Nikafungua dirisha la nyuma. Unajua ni nini kiko chini ya hilo dirisha?"

Nikatikisa kichwa.

"Paa letu. Sikuwa nimewahi kuliona kutoka juu. Kutu, mawe, vipande vya magunia. Katikati liko shimo. Na ndani ya shimo nikaona kitanda cha mama yangu. Si nakuambia niliona mpaka blanketi, niliona mpaka kiraka cha blanketi. Nikasema, kumbe mtu akisimama hapa kila siku anamwona mama yangu akilala kwenye maji." Akajifuta uso kwa shuka. "Siwezi kulala mahali kama hapo. Na sikutaka mtu mwingine asimame hapo tena. Pesa ya lori la kwanza nilinunua mabati."

Kiplagat, mimi nililala chumba kile mpaka nikaolewa. Dirisha lile nililifungua kila asubuhi. Tangu siku ile nakaa nikijaribu kukumbuka nilikuwa naona nini. Nauona mlima Elgon. Nayaona mahindi, nawaona ng'ombe wakienda mtoni. Paa silioni. Najilazimisha, nafumba macho, silioni kabisa.

Anauliza kama utakuja.

Dada yako,
Chelimo


Kitale,
4 Oktoba 1987

Dada Chelimo,

Salamu. Tumeanza kuvuna, mahindi si mabaya. Ndama amekua.

Barua yako nilimsomea Mama, kwa sababu nilidhani ninyi wawili mmeshazungumza na sikuwa na la kuficha tena. Nilisoma mpaka kwenye dirisha. Aliniambia nirudie hapo. Nikarudia. Alichukua fimbo yake akatoka, nami nikamwona anazunguka nyumba kuelekea nyuma. Mama mdogo alikuwa anapepeta maharagwe. Waliingia ndani wakafunga mlango. Mimi nilikaa juu ya rundo la matofali mpaka ng'ombe wakarudi, na hakuna aliyetoka.

Jioni Mama mdogo alikuja kuchukua kitanda cha Mama sebuleni, alikolala tangu chimni ianguke. Hakuniomba msaada, lakini nilishika upande wa pili. Walichozungumza sikijui, na nikiuliza wananipa chai.

Sasa mimi niko peke yangu katika hiyo nusu. Usiku wa upepo turubai linapiga makofi. Vijana wanauliza kama nitauza matofali yaliyobaki.

Jumamosi iliyopita nilikuja huko kwenu. Nisamehe sikupita kwako. Niliona kuta zenu zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha, nikasimama barabarani kidogo, nikaenda zangu hospitalini. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilipomwona jinsi shuka ilivyolala tambarare upande mmoja, yote yakanitoka.

Yeye ndiye aliyeanza. Akaniuliza, "Mama zetu wanaendeleaje?"

Nikasema hawajambo.

"Mama yako analala wapi siku hizi? Si nyumba imekwisha?"

"Wanalala pamoja."

"Wapi?"

"Kwa mama yako. Alihama na kitanda chake."

Alinikodolea macho. Akaniambia niape, nikaapa. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, "Aliingia kwa mlango gani?"

Nikamwambia nyumba ile ina mlango mmoja tu, uleule anaoingilia mama yake. Kwanza alitabasamu. Halafu akafunika uso kwa mikono miwili na kulia mpaka nesi akaja kuniuliza nimemfanya nini mgonjwa wake. Nami nilikuwa siwezi kumjibu, Chelimo, kwa sababu nilikuwa nalia pia.

Nduguyo,
Kiplagat